Mkasi wa Mashoto

Kwa miaka thelathini mwenye duka la ushonaji alisema fundi wake alitoroka na mwanamume, akabeba hata sindano. Ukoo wa fundi huyo ukameza uongo huo bila hata maji. Binti mmoja, mpwa wake, hakumeza. Alijifanya mwanagenzi dukani humo ili achunguze.

Siku ya kwanza mkasi ulimshinda, maana alikuwa wa mashoto kama shangazi yake. Tajiri mwenye duka akacheka, akafungua droo.

"Shika huu, we mashoto. Mwenyewe hatarudi kuudai."

Mpini ulikuwa umechorwa jina la shangazi. Binti akalisoma, akamgeukia.

"Umejuaje hatarudi, mzee? Si alibeba hata sindano?"

Kicheko kikamkaukia tajiri mdomoni.

Binti akaubeba mkasi hadi kwa baba yake. "Dada yako hakutoroka! Vaa viatu twende polisi, au nawe unataka nimeze uongo wake?"