Saa ya Wazee

Mwenye saluni hakuwa na umri, na hivyo ndivyo alivyotaka ieleweke. Mtaa mzima ulimwita Dada, wakubwa kwa wadogo. Ukijisahau ukamwita bibi, siku hiyo utasukwa mpaka macho yakutoke. Kichwa chake ndicho kilikuwa kibao cha biashara: nywele nyeusi ti, zimelala zikatulia. Wateja wakiuliza siri ni nini, wanaambiwa ni yale mafuta pale rafuni. Kwamba lile lilikuwa wigi alijua yeye na Mungu wake.

Sasa saluni imefungwa, kama kila kitu. Amri ya kukaa ndani ilimkuta kwa bintiye, na bintiye, ambaye ni nesi, ilimkuta wodini. Wauguzi waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa ule ugonjwa walizuiwa kurudi majumbani kwao. Nyumbani wakabaki mwenye saluni, mkwewe, na pacha wachanga ambao maishani walikuwa wanajua kitu kimoja tu, ziwa la mama yao. Ziwa likiwa mbali, ni maziwa ya kopo, tena ya aina moja, maana yale mengine yaliwaendesha tumbo mpaka wakalegea. Na kopo lenyewe lilikuwa linakwanguliwa.

Mkwe, fundi bomba, alirudi na mfuko mtupu kwa mara nyingine.

"Mama, nimefika mpaka supamaketi. Tukifunguliwa mlango sisi, wazee wameshapita. Rafu ya maziwa inang'aa."

"Wazee wamekuwa wanakunywa maziwa ya watoto?"

"Wanawachukulia wajukuu, mama. Saa ya kwanza ni yao peke yao, kuanzia miaka sitini. Kwa hiyo ingekuwa..." Akamtazama mama mkwe wake, kisha akautazama ukuta. Fundi bomba si mjinga. Kuna swali mwanaume hamuulizi mama mkwe hata nyumba ikiwaka moto.

Pacha mmoja akaanza kulia, wa pili akampokea. Bibi yao aliwapa chupa za maziwa yaliyoongezwa maji mengi, wakafyonza, wakakunja uso, wakalia tena. Alijisikia mwizi, anawaibia watoto wasioweza hata kusema.

"Kesho naenda mimi," akasema. Mkwe akainamia viatu vyake, akajibu, "Sawa, mama."

Asubuhi alijipanga kwenye foleni, kila mtu ndani ya duara lake la chokaa, barakoa mpaka chini ya macho. Mlangoni alisimama mlinzi na chupa ya dawa ya mikono. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, bibi. Karibu, taratibu." Alipofikiwa mwenye saluni, mlinzi akashusha chupa.

"Mambo vipi, dada. Hii foleni ya wazee."

Hilo neno dada alilipigania miaka, na leo lilimchoma.

"Mimi ni mzee."

Foleni ikacheka. Ungecheka na wewe! Kwenye barakoa uso hauonekani, na kilichobaki juu ni nywele za msichana anayekwenda kupiga picha.

"Nivue hii barakoa unione?"

"Hairuhusiwi, dada. Kitambulisho je?"

Akakibana kibegi kwapani. Kitambulisho kilikuwemo, lakini siku ya kujiandikisha alijikata miaka kama mtu anayekata ncha za nywele, na karani akaandika alivyoambiwa. Hicho akikitoa ndiyo kwisha habari. Akageuka nyuma. Mungu si Athumani, duara la pili alikuwepo mwalimu mstaafu, mteja wake wa siku zote. Kumbe na mlinzi naye alipita mikononi mwa mwalimu huyo huyo, maana alikuwa ameshasimama wima kama yuko mstarini shuleni.

"Mwalimu, nisemee."

Mwalimu alisema, kwa moyo mweupe kabisa. "Huyu? Huyu mdogo wangu! Mwenyewe aliniambia, mimi naanza kufundisha yeye hajaanza hata shule."

"Umesikia, dada," mlinzi akasema. "Nenda kule, subiri wenzako."

Hapo mzee mmoja akatoka dukani, kwapani ana kopo. Lile lile, la kifuniko cha njano. Mwenye saluni akaliona likipita mbele ya macho yake, likavuka barabara, likaenda zake. Akawaona wale watoto na midomo yao iliyokauka, akamwona binti yake huko wodini, anayeamini kwamba mama yupo nyumbani na wanawe hawawezi kupata shida. Hasira ikamjaa, si kwa mlinzi, kwake mwenyewe.

"Mficha uchi hazai," akasema kwa sauti.

Akachomoa pini. Akakamata wigi kwenye paji la uso, pale penye gundi, akalivuta, na gundi haikutoka kwa hiari. Chini yake palikuwa na mvi chache, nyeupe pe, zimeshikilia nyuma ya masikio. Kwingine kote upara. Upepo wa asubuhi ukapita juu ya ngozi ambayo haikupigwa upepo miaka mingi.

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Kisha sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma huko: "Lo! Na yale mafuta?"

"Mafuta tutayazungumza saluni ikifunguliwa," akajibu bila kugeuka. Shingo haikuinama. "Leo nimefuata maziwa."

Mlinzi akainamisha macho. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fungua mlango."

Ndani hakuangalia mchele, hakuangalia sabuni. Alikwenda moja kwa moja rafuni, akachukua makopo mawili. Kwenye malipo msichana wa kaunta akalirudisha moja nyuma yake.

"Kopo moja kila mtu, bibi."

"Wajukuu zangu ni pacha, binti yangu. Midomo miwili."

"Naelewa. Lakini nimeambiwa kila anayeingia, kopo moja. Kichwa kimoja, kopo moja."

Akalipia lile moja. Binti wa watu yuko kazini. Lakini kopo moja kwa pacha ni nusu nusu, na nusu nusu ndiyo yale maji aliyowanywesha jana. Alipotoka alipiga jicho rafuni, bado yalikuwepo machache.

Nje, saa ya wazee ilikuwa imekwisha na foleni ya wengine imeanza kusogea. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi anapumzisha magoti. Mwenye saluni akamwekea kopo mapajani.

"Nishikie hili, usiniulize kitu."

Akazunguka nyuma ya vitoroli. Alipotokea upande wa pili, koti lilikuwa limegeuzwa ndani nje, wigi limetoka kibegini limerudi kichwani, na mwendo ulikuwa wa mtu mwenye magoti mapya. Akaingia foleni ya vijana. Watu wachache tu, zamu ikamfikia.

Mlinzi akainua chupa ya dawa, akasita. "Dada... si umeshaingia wewe?"

"Aliyeingia ni mama yangu mzazi."

"Mbona mmefanana hivyo?"

"Damu, mwanangu. Ungependa nifanane na jirani?"

Mlinzi akatazama nywele alizoziona zikivuliwa, akatazama koti, akakuna shingo. Kisha akageukia ngazi, kwa mtu ambaye tangu darasa la kwanza hakuwahi kumsikia akisema uongo.

"Mwalimu, eti ni kweli? Ni watu wawili?"

Mwalimu alilitazama lile kopo mapajani, kifuniko cha njano, picha ya mtoto mnene anacheka. Akamtazama rafiki yake, amesimama kwenye duara la chokaa, mikono imenyooshwa kusubiri dawa.

"Nawafahamu wote wawili," akasema. "Huyu namjua miaka yote. Yule mwingine nimemjua leo, na ndiye ninayempenda zaidi. Mfungulie mtoto wa watu."

Mlinzi akampulizia dawa, akafungua mlango, na mwenye saluni akaelekea kwenye maziwa.