Kidole cha Tano cha Kima Punju

Saa za betri zilipoingia Unguja kwa wingi, mwaka wa themanini na tano, Msabah fundi saa alilia machozi ya kweli, na asiyeamini na akamuulize mkewe. Meza yake ilikuwa barazani kwa nyumba yao, Mkunazini. Zamani watu walimletea saa za kutia ufunguo, saa za marehemu babu zao, naye akizifungua, akizipuliza, akizirejeshea uhai. Sasa wananunua kisaa cha plastiki, kikifa wanakitupa. Akabaki na makopo matatu yaliyojaa maganda ya saa, yana vioo vizima lakini ndani hamna kitu.

Lamya, mkewe, alimwacha alie wiki nzima. Wiki ya pili akatia mkono koponi, akatoa ganda moja, akaingia nalo chumbani. Siku ya nne akamrejeshea. Chini ya kioo, pale pa mishale, palikuwa na komba, ukubwa wa ukucha, amekodoa macho, na kila unywele wa mkia umekaa pahala pake. Ni rangi za maji juu ya karatasi. Msabah alibana jichoni ile lenzi yake ya kazi, akatazama mpaka shingo ikamuuma.

"Nani kakufundisha?" aliuliza.

"Anifundishe nani? Umenioa mwaka wa sita huu, hujaniuliza hata siku moja nnafanya nini na rangi anazoniletea kaka Ammar kutoka Maskati."

Waume ndivyo walivyo, na tuendelee. Msabah, tumpe haki yake, alitahayari, na kutoka siku hiyo hakuacha tena kuuliza. Aliuliza kwa nini anachorea maji ya mvua, akaambiwa maji ya bomba yana chumvi, yanaacha madoa. Aliuliza nyeupe iko wapi katika kile kisanduku cha rangi, akaambiwa hamna, nyeupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika imekwenda zake. Rangi ya maji unaweza kuitia kiza, alisema Lamya, lakini huwezi tena kuitia nuru. Kwa hiyo kila unywele mweupe kwenye kifua cha komba ni pahala alipojizuia asiguse. Msabah aliyesikia hayo alikuwa ameshika saa maisha yake yote akijiona bingwa wa mambo madogo. Siku hiyo alijiona mgema anayeparamia mnazi kwa mara ya kwanza.

Na mwanamke huyu alikuwa na shuruti moja: hachori mnyama ambaye hajakaa naye. Vitabu vya picha hataki hata kuvifungua. Basi kila Ijumaa baada ya sala Msabah alimpakia kwenye vespa, wakashika njia ya kusini mpaka msitu wa Jozani, ambako Silima, mlinzi wa msitu, aliwapokea na kuwaonesha walipo wanyama. Lamya akikunja buibui lake, anakaa chini penye siafu na mbu, hazungumzi, hatikisiki, saa mbili, saa tatu. Msabah akichoka, analala. Akiamka anamkuta vilevile. Paa nunga, mnyama anayekimbia kivuli chake mwenyewe, alipata kumpita karibu ya kumgusa. Silima aliapa kuwa tangu azaliwe hajaona kitu kama kile.

Mjini hawakukosa la kusema. Wengine walisema ni kazi ya kitoto, mwanamke mzima kuchora vipanya. Wengine wakamuuliza hana khofu ya Mungu, kuchora viumbe? Lamya hakujibishana na mtu. Msabah ndiye aliyekuwa akijibu, na kwa ukali, mpaka wateja wawili wa mwisho wakamkimbia.

Mwaka wa tisini na nne ndipo alipokuja Mwalim Borafya, mwalimu mstaafu, mrefu, mkavu, miwani puani. Alikuwa anatayarisha kitabu cha wanyama wa Unguja kwa watoto wa skuli. Alitazama maganda yaliyotundikwa ukutani, moja moja. Mwisho akasema anataka kumi na mbili, na kwamba atakuja kuyachukua miezi mitatu baadaye, Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri. Lamya alikuwa ametolewa skuli darasa la saba, na hilo lilimuuma miaka yote bila ya kulisema. Usiku ule hakula. Alikaa tu anachekacheka peke yake.

Picha kumi na moja zilikwisha bila ya tabu. Ya kumi na mbili ilikuwa kima punju, yule kima mwekundu wa Jozani, na ilimchukua siku kumi na tisa. Na katika siku hizo Msabah aliona jambo lililomkata maini. Lamya alianza kufikicha macho. Kutunga uzi kwenye sindano alikosa mara tatu. Mama yake Lamya alimaliza umri wake haoni hata mlango, na jambo hilo halikuwa likitajwa nyumbani mwao.

Alhamisi Lamya akaenda Bububu, harusini kwa jamaa zake, siku tatu. Msabah akachukua ile picha ya kima ili aitie kwenye ganda, akabana lenzi. Kima amekaa tawini, mkono mmoja umenyanyuliwa, kiganja wazi. Akahesabu vidole. Vinne. Akahesabu tena, vinne. Gumba hakuna.

Basi ndiyo yamekwisha fika, alijisemea, haoni tena. Na Mwalim Borafya, mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini, kitu cha kwanza atakachohesabu ni vidole. Itasemwa mji mzima kuwa Lamya kipofu, na kitabu atapewa mwengine. Msabah hakumwogopa Borafya. Aliogopa siku Lamya atakapojua mwenyewe.

Alichukua brashi nyembamba kuliko zote, yenye nywele tano, akachanganya hudhurungi. Mkono wake ulikuwa mkono wa fundi saa, hautetemeki. Akamtilia kima gumba, zuri, la kupendeza, akalipuliza likakauka. Akaona kamstiri mkewe.

Lamya alirudi Jumamosi magharibi. Jumapili asubuhi akaichukua picha, akaomba lenzi. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini polepole.

"Toa vespa," alisema.

Jozani, Silima aliwaongoza mpaka penye miti ya mikungu, na kima walikuwepo, kundi zima, wanakula majani. Mmoja alishuka mpaka kwenye tawi la karibu, akanyoosha mkono kushika jani.

"Hesabu," Lamya alisema.

Msabah alihesabu. Akahesabu mkono wa pili. Akahesabu wa kima mwengine, na wa mtoto wake. Miaka tisa alikuwa akija msitu huu na hajapata kutazama hata mkono mmoja.

"Hawana gumba, Bwana Msabah," alisema Silima kwa upole. "Hawajapata kuwa nalo."

"Nlidhani..." alianza Msabah. "Nlidhani macho yako."

Lamya alimgeukia, na hasira iliyokuwa usoni mwake ikapungua. Pale chini kima mmoja alikuwa ameokota kaa, kipande cha mkaa, kwenye tanuri la zamani la wachoma mkaa, anatafuna. Hula makaa, kima wale, wakishakula majani ya mkungu, kwa ajili ya tumbo. Lamya alimtazama yule kima, akamtazama mumewe, akasema, "Twende, bado mapema."

Nyumbani aliketi na maji yake ya mvua. Gumba halikufutika, lakini lilikubali kutiwa kiza. Alilikoleza kidogo kidogo, akalipa pembe, mpaka likawa kipande cha kaa kilichobanwa kiganjani, na vidole vinne vimekizunguka. Msabah alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Lamya alilifunga ganda mwenyewe.

Alasiri Mwalim Borafya alikuja, akapewa shikamoo yake, akaitikia, akaanza kuhesabu. Kwenye kima alisita.

"Bi Lamya, gumba liko wapi?"

"Hana, Mwalim," Msabah alijibu kabla ya mkewe. "Nimehesabu mwenyewe leo asubuhi. Tena anakula kaa."

Mwalim alivua miwani, akaifuta, akatazama upya. "Miaka thelathini nimefundisha," alisema, "na hilo sikulijua."

Kitabu kilitoka, na maganda yakarudi ukutani Mkunazini. Watoto wa skuli mpaka Nungwi wakawa wanabishana juu ya vidole vya kima. Ilikuwa sifa ya Lamya, na Msabah aliibeba kuliko mwenyewe.

Kisha presha ya macho ilikuja kweli. Haikuharakisha, lakini haikurudi nyuma, na madaktari walifanya walichoweza. Kufika mwaka wa elfu mbili na tatu Lamya alikuwa akiona mwanga wa dirisha tu. Masika ya mwaka huo dari ilivuja, maji yakaingia kwenye ganda moja. Msabah alilishusha. Kima alikuwa mzima, ila ule mkono ulioshika kaa ulikuwa umeyeyuka, limebaki wingu la hudhurungi.

Alilifungua. Nyuma ya karatasi palikuwa na maandishi ya penseli, madogo mno. Akabana lenzi, akasoma kwa sauti: "Mkono huu tumeuchora wawili. Najua uliogopa nini. Naogopa na mimi. Siku ikifika, utachora wewe nami nitakwambia. Lamya, 1994."

Lamya alikuwa ameketi kitandani, uso kaelekeza dirishani.

"Miaka tisa imekaa humo," alisema. "Nami nikidhani nimeolewa na fundi, mtu wa kufungua vitu." Akanyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akaipata brashi ya nywele tano, akampa. "Kaa."

"Lamya, mimi siwezi."

"Ulichora bila ya ruhusa ukaweza. Leo nimekuruhusu."

Msabah alivuta kiti. Alijipangusa macho kwanza, maana lenzi haikubali jicho lenye maji.

"Vidole vingapi?" aliuliza Lamya.

"Vinne," alisema Msabah, akachovya brashi kwenye maji ya mvua.