Maoni ya Nyuma ya Kitabu

Dukani kwa mzee Hiren, pale Korogwe, vitabu huazimwa bure. Sharti ni moja: ukirudisha, uandike maoni yako kwenye karatasi alizoshonea nyuma, uweke na jina na tarehe. Usipoandika, siku nyingine hata peni hakuuzii.

Mwaija alifika pale siku ya arobaini na moja tangu wamzike kaka yake, Mhina. Alitaka kuuona mwandiko wake tu. Mhina alifia kwenye shamba la mkonge upande wa Ngombezi, kwenye korona, mashine ile inayosaga majani kutoa nyuzi. Barua ya ofisi ilisema marehemu alikuwa akiichezea. Watu wakaamini, maana Mhina alikuwa akitania hata msibani. Mama yao, kule Kwaluguru, aliamini kuliko wote. Kila akiamka anamsema marehemu: "Nilimwambia mzaha utampeleka. Kaniacha kwa mchezo."

Hiren akamtolea riwaya nene ya zamani aliyowahi kuazima Mhina, gamba limebanduka. Ilikuwa habari ya wakulima walioasi kazi za shokoa, zile za kulazimishwa bila malipo. Mwishoni kiongozi wao anabaki kivukoni akamatwe, anyongwe, ili wenzake wapate kuvuka mto.

Mwaija akafungua nyuma. Swaumu, mama ntilie wa stendi, aliandika: "Nimelia mpaka maharage yakaungua. Sufuria nalo limekufa kishujaa." Mwalimu Abraham alijaza ukurasa mzima kuhusu mapinduzi, na ilionekana wazi hakuna aliyeumaliza. Chini yake, kwa herufi zilizolala kama zimechoka:

"Shujaa gani huyu? Angekuwa na akili angetangulia kuogelea. Mimi mngenikuta ng'ambo nimeshaanika suruali. Mhina."

Mwaija akacheka. Ndiyo, huyu ndiye yule mpenda mzaha wa kwenye barua ya ofisi.

Maoni ya mwisho yaliandikwa wiki mbili baada ya mazishi. "Kitabu kizuri, ila kimewasahau waliovuka. Wanakulaje? Wanalalaje? Awadhi."

Awadhi ndiye aliyekuwa akilisha korona pamoja na Mhina. Msibani hakuinua uso hata mara moja.

Mwaija akaazima kitabu, akaenda nacho Ngombezi. Alimkuta Awadhi amekaa mlangoni mwa chumba chake kwenye kambi ya wafanyakazi. Hakusubiri kukaribishwa kiti. Akafungua ukurasa, akamwonyesha.

"Wewe ulivuka nini?"

Awadhi akaitazama mikono yake. "Shati langu lilinaswa, dada. Mhina akanisukuma. Mkono wake ndio ukaenda."

"Na ofisini ulisema hivyo?"

"Nilisema sikuona. Msimamizi alishaniuliza kama bado naitaka kazi. Nina watoto wanne, dada Mwaija."

"Leo sikuja kwa ajili ya ofisi. Twende ukamwambie mama."

Awadhi hakuinuka mpaka mkewe alipotoka ndani na kumwekea viatu miguuni.

Kwaluguru, mama alimsikiliza huku akipukuchua mahindi, hakumkatisha.

"Kwa hiyo hakuwa anacheza," akasema mwishowe.

"Hakuwa anacheza, mama."

"Na ofisini utakwenda?"

Awadhi akaokota punje iliyoanguka, akairudisha kwenye sinia. Mama hakuuliza tena.

"Siku arobaini namsema mwanangu," akasema, na gunzi likamtoka mkononi. Mwaija akaona mama yake anazeeka palepale. Kumbe hasira ndiyo iliyokuwa imemshikilia siku zote hizo, na yeye Mwaija ndiye aliyekwenda mpaka Ngombezi kuleta mtu wa kumnyang'anya hasira hiyo.

"Humo kitabuni aliandika nini? Nisomee."

Mwaija akasoma, mpaka pale kwenye suruali.

"Mwongo," mama akasema. "Eti angetangulia! Mwongo mkubwa yule."

Mabega yakaanza kumtikisika. Awadhi akadhani anacheka, naye akatabasamu. Mwaija, aliyemjua mama yake, akaliondoa sinia la mahindi magotini pake, akamshika.