Nafasi Mbili Baada ya Nukta

Siku ile mjinga alikuwa Kipkorir, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo akinywa chai kwenye kibanda pale Kimulot atakwambia kabla hujamuuliza: wengine walikuwa wajinga nusunusu, yeye alikuwa mzima.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, mwaka ule kiwanda cha chai kiliponunua kompyuta yake ya kwanza. Wachumaji walikuwa wamepanga foleni penye mizani, vikapu mgongoni, plastiki zimefungwa kiunoni kuzuia umande, wakingoja kusomewa notisi kabla ya kuingia kwenye majani. Kipkorir, karani wa ofisi, ndiye aliyekuwa msomaji. Notisi zilipigwa taipu na Celine, au Mama Phelix, mama mmoja wa kutoka huko ziwani, ambaye kidole gumba chake kiligonga mara mbili baada ya kila nukta, tak-tak, kama anayebisha hodi kwa jirani. Na kiwandani pale notisi ilisomwa jinsi ilivyopigwa. Katika nafasi ya kwanza msomaji alivuta pumzi. Ya pili ilikuwa ya marehemu.

Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Marehemu wenyewe hawakuwa watu wa maneno mengi. Nyapara mmoja wa zamani alizoea kuingilia notisi za mbolea ili kukumbusha watu wafunge lango la ng'ombe. Mama mmoja aliyezikwa Sigor aliuliza msimu mzima ni nani aliyebaki na jembe lake, mpaka likarudishwa kwa wanawe, na tangu hapo hakusikika.

Asubuhi hiyo notisi ilimhusu Obonyo, fundi wa boila, aliyekufa wiki iliyotangulia valvu ilipopasuka na mvuke ukamkuta amesimama mbele yake.

"Uchunguzi umeonyesha kwamba marehemu alikuwa mzembe," Kipkorir akasoma. Akavuta pumzi.

Obonyo alikuwa amesimama kando ya mizani, ovaroli yake bado inafuka. "Niliripoti dirishani," akasema.

"Kwa hivyo familia yake itaondoka katika nyumba ya kampuni Ijumaa."

"Niliripoti dirishani," akasema Obonyo tena.

Watu waliitikia kwa vichwa. Aluoch, mjane wake, ambaye alikuwa akichuma kibarua na alikuwa hapohapo kwenye foleni, alimwambia kola yake imekaa vibaya. Obonyo akaiweka sawa.

Kipkorir alitazama viatu vyake. Dirisha lililotajwa lilikuwa lake. Obonyo alikuja pale siku za mwisho za uhai wake, akaanza kueleza jinsi valvu ilivyokuwa inapiga mluzi, na Kipkorir, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuzungusha mausi ya kompyuta, alimkatiza, akimwita mzee kwa Kijaluo: "Fupisha, jaduong', ama nenda uniandikie kitabu!" Waliokuwa nyuma yake walicheka. Obonyo naye alicheka, akarudi kwa boila yake.

Meneja alisikia yote kutoka varandani. Aliwaita Celine na Kipkorir ofisini, akauliza, kwa upole kabisa, kama ni lazima nafasi ziwe mbili.

"Ni mbili," Celine akasema. "Ndivyo nilifundishwa, na ndivyo nimepiga tangu nikiwa msichana. Sentensi ikiisha, wacha watu wapumue."

Kipkorir alikuwa ametoka kozi ya kompyuta Kericho mjini, na cheti chake alikuwa bado anatembea nacho. "Mama Phelix, hiyo ni mambo ya zamani. Kompyuta inajipanga yenyewe, moja inatosha. Hizi zako mtu anaweza kupitisha trekta na trela!"

Meneja akacheka. Kipkorir alipoona bosi amecheka, akanogewa. "Na ukiangalia hii karatasi yake kwa mbali, bosi, ni kama mzee amekenua na hana meno."

"Kwani hiyo karatasi inanunuliwa na babako?" Celine akamuuliza.

"Si ni ya kampuni? Mimi naokolea kampuni."

"Hujui unaokolea nani nini, wewe."

Na kweli hakujua. Alidhani wanabishana juu ya karatasi. "Moja," meneja akasema, na hakuwa anacheka tena. "Kipkorir aipige kwa kompyuta, na kesho isomwe upya."

Kesho yake ikasomwa. Kipkorir alifika kwenye neno "mzembe", akavuta pumzi, na Obonyo akafungua mdomo. "Ni," akasema, na sentensi ya pili ilikuwa imeshafika. Ikaisha nayo. "Ni," akasema Obonyo. Hakukasirika. Alifunga mdomo kama mtu aliyefungiwa duka usoni, akangoja. Kipkorir alijaribu kuchelewa, lakini karatasi haikuwa na mahali pa kuchelewea. Wachumaji wakachukua vikapu vyao. Baridi ilikuwa ya kung'ata, na masikio ya Kipkorir yalikuwa yanawaka moto.

Ijumaa vyombo vya Aluoch vilitolewa vikawekwa kando ya barabara, na askari wa kampuni akatia kufuli jipya mlangoni. Kipkorir alienda kwa Celine, hakuweza kumwangalia machoni, akaomba mashine yake ya taipu. Celine akamwachia kiti. Akaipiga notisi upya, na baada ya kila nukta akagonga, tak-tak-tak-tak, mpaka dole gumba likamuuma. Kisha akaenda kuisoma palepale barabarani, mbele ya sufuria na viti vilivyopinduliwa.

Obonyo, kwa kuwa sasa alikuwa na wasaa, alisema yote. Alisema siku aliyoripoti, valvu ilivyolia, dirishani kulikuwa na nani na mzaha ulikuwa upi. Meneja, aliyekuja kuchukua ufunguo, alivua kofia na kumsikiliza mpaka mwisho. Alisema maelezo yameeleweka vizuri. Akavaa kofia, akatia ufunguo mfukoni, akapanda kwenye gari lake.

Kipkorir alibaki na karatasi mkononi. Aibu ikimshika huwa anatafuta utani, kama mwingine anavyotafuta sigara.

"Umeona?" Celine akamwambia. "Mbili zilikuwa zinatosha."

"Aa, Mama Phelix, nne ndiyo dawa! Leo hata amemaliza na akapumzika."

"Nne ni za mlevi."

"Basi huyu hapa aamue." Akamgeukia Aluoch, akitabasamu tabasamu lisilokuwa na mahali pa kukaa. "Shem, kuanzia leo notisi zote naweka nne. Obonyo ataongea mpaka achoke. Ama wewe unaonaje, zinatosha ngapi?"

Aluoch alikuwa akifunga godoro kwa kamba ya katani. Alikaza fundo kwa goti. Hakuinua kichwa.

"Alipokuja dirishani akiwa hai," akasema, "ulimpa ngapi?"