Vitanda vya Waziri Mkuu

Mzee Hatibu Lugendo, mtunza makazi rasmi ya Waziri Mkuu kwa miaka thelathini, anasinzia stoo saa nane mchana, juu ya kitanda cha Waziri Mkuu wa tatu. Mkononi ana karatasi anayotakiwa kuisaini leo, akiwa mtumishi mkongwe kuliko wote: historia ya nyumba, ya kugawiwa wageni, inayodai kwamba kabla ya jumba hapa palikuwa pori tupu. Pori! Mama yake alizaliwa hapa, akafukuzwa hapa kwa mitutu ya bunduki. Na asiposaini, wiki hii anatolewa nyumba ya watumishi. Usingizi unamchukua, na stoo inarefuka, vitanda havina mwisho, maana kila mkubwa anayeapishwa hukataa kulala alipolala mwenzake aliyeanguka, eti pana nuksi. Wanaume wazima, wanaongoza nchi, wanaogopa godoro. Hatibu anafungua mlango, sebule. Anafungua mwingine, sebule ileile, na ndani ya kioo chake sebule nyingine. Mtu wa suti asiye na uso anamtangulia. Tunakwenda wapi, bwana? Tulikotoka, anajibu, ila mapazia ni mapya. Katika kila kiti kuna mheshimiwa, naye hana uso, ana tumbo tu, na kila mmoja anauliza lile ambalo wote huuliza siku ya kwanza: Nani alikaa humu kabla yangu? Hatibu anajibu kama watumishi wanavyofundishwa: Hakuna mtu, mheshimiwa. Wanachekelea, wapumbavu wakubwa, wanaanza kupima madirisha.

Mlango wa mwisho unafungukia jikoni, ila jiko ni mafiga matatu, na mama yake, Bi Siwema, anapuliza moto. Nani alikaa humu? anauliza asiye na uso. Hatibu anataka kusema, mama yangu. Mdomo uliozoea unamtangulia: Hakuna mtu, mheshimiwa. Bi Siwema anageuka. Ahaa. Na wewe ulizaliwa na nani, mwanangu, na pazia? Aibu inamchoma Hatibu mpaka utosini.

Anaamka, au anadhani ameamka, kwa sababu katibu wa itifaki amesimama mlangoni, jua mgongoni, na uso wake hauonekani. Mzee wangu, umeshasaini? Hatibu hajui yuko upande gani wa ndoto, na safari hii hajali. Anakata neno pori, anaandika Siwema, mama yake Hatibu, kisha jirani yake wa kushoto, kisha wa kulia, nyumba kwa nyumba. Mzee, umesaini? Subiri, mwanangu, anasema, sijamaliza hata mtaa mmoja.