Jua la Ukutani

Mama Povu alikuwa uani anakamua shuka la watu, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko, aliposikia kijiko kinagongwa kwenye chuma cha kitanda. Akaliacha shuka limejinyonga ndani ya beseni, akajifuta mikono kwenye gauni na kukimbilia ndani, maana kijiko kile kilikuwa na ujumbe mmoja tu.

"Mgeni amefika?" aliuliza mlangoni.

"Yuko dirishani anavua viatu," mumewe akajibu.

Mgeni mwenyewe ni jua. Chumba chao kilikuwa kimoja na dirisha moja, lakini dirisha hilo lilielekea mawio, na hiyo ndiyo bahati waliyopewa katika nyumba nzima. Kila asubuhi jua liliingia, likatua juu kwenye ukuta wa pili, kisha likaanza kuteremka polepole kama mtu mzima anayeshuka ngazi, mpaka kwenye msumari. Hapo msumarini ilining'inia timazi, lile kokwa la shaba ambalo waashi hulishusha kwa uzi ili wajue kama ukuta umesimama wima. Jua likiigusa, shaba iliwaka, na kimwanga kikaruka juu kwenye mabati. Mumewe alifunga uzi kutoka kwenye timazi mpaka kidoleni mwake. Akiuvuta, kimwanga kilicheza: kilikimbia, kikarudi, kikayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mama Povu alivuta kigoda, akashika kikombe chake cha chai na kutazama. Kwa siku nzima, hapo tu ndipo alipokaa kitako.

Watu walimwita mumewe Fundi, hata sasa. Alijenga kuta za mji huu mpaka siku ile ubao wa jukwaa ulipokatika chini ya miguu yake, kwenye ghorofa la wenye pesa. Kampuni ilimtuma mtu na mfuko wa machungwa, akasema suala lao linashughulikiwa. Machungwa yaliliwa yakaisha. Suala bado linashughulikiwa. Na Fundi, kuanzia kiunoni kwenda chini, amelala tu kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua.

Asubuhi hiyo kimwanga ndio kwanza kilikuwa kimeanza kucheza wakati lori lilipomwaga matofali nje kwa kishindo, hata chai ikamwagika. Mama Povu akachungulia. Kwenye kiwanja cha nyuma, ambacho siku zote kilikuwa majani na vyuma chakavu, watu walikuwa wanavuta kamba ya ujenzi. Kamba yenyewe ilipita karibu mno na dirisha. Angenyoosha mkono angeweza kuanikia nguo.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo na funguo zake. Wapangaji walimwita Bwana Pole, kisirisiri, kwa kuwa hakuna jambo alilokufanyia bila kulisindikiza na neno hilo. Alikata maji, pole. Alipandisha kodi, pole. Alikataza watu kupigilia misumari, pole sana, kuta zinaumia. Hata msumari wa timazi waliukuta tu, wa mpangaji aliyetangulia, la sivyo wangeambiwa waitundike hewani.

Akaeleza kwa upole wake kwamba kiwanja amempangisha mfanyabiashara wa kuhifadhi mizigo, na huyo bwana anataka ukuta mrefu, wezi wasiruke. Mama Povu akamweleza habari za mgonjwa wake. Akamweleza na habari za jua, ingawa aliona haya kulitaja, maana likishatoka mdomoni linaonekana kitu kidogo. Bwana Pole akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, mama. Lakini na nyinyi mtafaidi. Ukuta ni usalama. Ndiyo maana kodi ya upande huu itapanda kidogo."

Fundi alisikia yote. Mkewe alipogeuka, uzi ulikuwa umelegea kidoleni.

"Usihangaike, mke wangu," akasema. "Jua ni lile lile. Wewe utakuwa unaliona uani, unakuja kunisimulia."

Hilo ndilo lililomchoma. Angetukana, angegonga kitanda kwa ngumi, ingekuwa afadhali. Mama Povu akafunga kitambaa kichwani, akaziacha nguo za watu zilowe zenyewe, akashika njia ya ofisini kwa bwana wa majengo, yule anayekagua ujenzi wa mji.

Dukani alisimama kununua sabuni. Kipande kilikuwa kimekonda, bei ndiyo iliyonenepa. Muuza duka akamwambia asimkodolee macho yeye, kwani yeye haipiki, anaiuza tu. Akapita kwenye ukuta wa shule, akapita kwenye ukuta wa soko na ule wa zahanati. Zote hizo ni mkono wa Fundi. Zamani wakipita pamoja, Fundi alikuwa anaupiga kila ukuta kofi la mgongoni, kama unavyompiga rafiki, anasema huyu mwanangu, huyu naye mwanangu, huyu alinisumbua sana kuzaliwa. Jioni alirudi viatu vimekuwa vyeupe kwa saruji, anapiga mluzi tangu kwenye kona, naye Mama Povu akisikia mluzi anaweka maji ya kuoga motoni. Siku hizi, huku walikohamia, watu hupita kwenye kona kimya, kila mtu na lake. Lakini jua likizama sikio lake bado linasimama lenyewe, na mkono bado unatafuta sufuria.

Bwana wa majengo alikuwa anakunywa chai kwa mkate. Alimkalisha kwenye benchi mpaka benchi zima likaisha watu, ndipo akamwita. Akamuuliza kama dirisha litazibwa. Halitazibwa. Kama litafunguka. Litafunguka.

"Basi hakuna kosa, mama. Sheria inataka hewa ipite. Hewa itapita."

"Na jua, baba?"

Yule bwana akafikiri kweli, tusimwonee. Hata kutafuna aliacha.

"Jua halimo," akasema. "Labda ungekuwa na shamba."

Aliporudi nyumbani, ukuta ulikuwa umefika kifuani mwa mtu. Waashi walikuwa upande wa kiwanjani, wanapanga matofali kwa haraka ya watu wanaolipwa kwa siku. Fundi alikuwa amefumba macho. Mama Povu alidhani amelala, akaanza kunyata, lakini mumewe akainua kidole.

"Sikiliza. Anagonga mara mbili, anatulia, ndipo anakwangua. Mwiko uko mkono wa kushoto." Akafumbua macho. "Huyo ni Mashoto."

Mashoto na Fundi walijenga pamoja tangu ujana, wakala sahani moja, wakakopeshana mpaka mashati. Tangu Fundi aanguke, Mashoto hakukanyaga mlangoni, na Mama Povu alikuwa amemwekea maneno yake tayari kwa siku watakayokutana. Fundi akamwomba asimwite. Alisema mtu akiona mwenzake yuko hivi, kamba itampinda, ukuta utaharibika, na ukuta ukiharibika atakatwa pesa. Mama Povu akaitikia sawa, kama mke mwenye adabu. Kisha akamimina chai kwenye kikombe, akazunguka nyumba, akaenda nayo kiwanjani.

"Shemeji," akamwita. "Imepoa, lakini ni chai ya kwa Fundi."

Mwiko ukabaki hewani na saruji yake. Mashoto akalitazama dirisha, akautazama ukuta alioujenga mbele yake, na uso ukamshuka. Akasema hakujua kama wamehamia hapa. Akasema, tena bila kuulizwa, kwamba kule walikokaa kwanza alifika mara nyingi mpaka kona, akageuza. Utaingiaje kwa mgonjwa mikono mitupu, na mikono yake tangu siku ile haikupata kujaa. Mama Povu akayatafuta yale maneno yake ya siku nyingi, akakuta yamechakaa kama shuka la wageni.

"Kunywa chai," akasema.

Mashoto akaegemea tofali, akaingiza shingo kuelekea dirishani.

"Fundi."

"Mashoto. Kuta zako bado zinalewa?"

"Huu? Huu umenyooka kuliko mgongo wako."

Lilishatoka, halirudi. Mwenzake aliyekuwa anakoroga saruji akasimamisha koleo. Mashoto akaziba mdomo kwa kiganja, saruji ikabaki kwenye masharubu. Halafu ndani kikaanza kitu kama kikohozi, kikapanda, kikawa kicheko, kile cha zamani cha kutoka tumboni, ambacho chumba hicho hakijawahi kukisikia. Fundi alicheka mpaka machozi yakamwingia masikioni, maana mtu aliyelala chali machozi yake hayana njia nyingine.

Basi wakaongea yao. Wakasengenya mabosi waliokufa na wale ambao bado wanadaiwa. Mashoto hakusema kwamba ataiacha kazi, na hakuna aliyemtaka aiache. Angeondoka yeye, kesho angeletwa mwingine, na watoto wake wangelala njaa bila faida ya mtu. Mikono ilifanya kazi mdomo ukiongea, na matofali yakapanda. Kidevu chake kikazama nyuma ya ukuta, ikafuata pua. Yalipobaki macho na kofia, Fundi akauliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua.

"Jukwaa utafungia wapi?"

Waashi wakifika urefu ambao mikono haifiki, huacha matundu kwenye ukuta, tundu la ukubwa wa kiganja, wakapitisha miti na kutandika mbao za kusimamia. Kazi ikiisha, miti hutolewa na matundu huzibwa wakati wa kupiga lipu. Mashoto akageuka, akatazama upande wa mawio. Akalitazama dirisha. Akaitazama timazi kwenye msumari wake. Akachota saruji, akapanga tofali, na kofia ikapotea.

Jioni iliingia chumbani mapema kuliko mahali pengine popote. Huko nje watu walikuwa bado wanaonana sura, lakini Mama Povu aliwasha taa ili akunje nguo. Dirishani kulikuwa na matofali tu, mabichi, yananuka maji. Ng'ambo yake wakamsikia Bwana Pole amekuja kukagua. Aliusifu urefu. Kisha akauliza:

"Na matundu haya?"

"Ya jukwaa, mzee," ilikuwa sauti ya Mashoto. "Huzibwa na lipu. Ukitaka lipu, nije kesho, uniongezee saruji na siku yangu."

Funguo zikachezacheza, kama za mtu anayepiga hesabu.

"Mwizi hapiti hapo?"

"Hata paka atajifikiria."

"Basi acha. Nani atayaona."

Fundi alikuwa amegeuzia uso ukutani. Lakini mkewe alimjua pumzi zake, akajua kwamba anatabasamu.

Asubuhi Mama Povu hakulowesha nguo. Alipika chai, akavuta kigoda, akakaa. Uani jua lilikuwa limeshajaa, linachezea ndoo na kamba za kuanikia na matako ya sufuria za jirani, linagawiwa bure kwa kila mtu. Mle ndani bado ulikuwa usiku wa manjano wa taa. Chai ikapoa. Kijiko kilikuwa kifuani mwa Fundi na mkono wake juu ya kijiko, kama mtu aliyevaa nguo za safari na gari halijaja.

Likaja. Lilikuja limechelewa, tena limekonda, kipande kisichozidi kiganja, na halikutua juu wala halikuukaribia msumari. Lilitua chini, kando ya mlango, juu kidogo ya furushi la nguo za watu. Mama Povu akaruka, akaweka kidole.

"Hapa."

Kidole kikapata joto. Akauona mkono wake ulivyo, ngozi imepasuka kwa sabuni, kucha zimekwisha, na pembeni ya vidole wekundu ule wa damu ukiwaka kama mkono wa mtoto mbele ya taa. Hakuwa ameutazama siku nyingi. Kisha lile jua likaanza kuteleza, likakiacha kidole, likawa jembamba kama uzi, likaisha.

"Hata hakukaa," Fundi akasema.

"Lakini amefika."

Kidole hakukiondoa. Kwa mkono wa pili akachora alama kwa ukucha kwenye chokaa. Akaenda kwenye ukuta wa pili, akaiteremsha timazi, akaung'oa ule msumari wa zamani kwa kuuzungusha na kuuvuta mpaka ukakubali. Akachukua jiwe la kuzuilia mlango. Pigo la kwanza, chokaa ikamwangukia miguuni. La pili likasikika nyumba nzima.

Nje funguo zikalia. Zikaja mpaka mlangoni, zikasimama.

"Nani anapigilia msumari kwenye ukuta wangu?"

Mama Povu akamtazama mumewe. Mumewe akatazama juu kwenye mabati.

"Pole, baba," Mama Povu akaitika, akagonga tena.

Akaitundika timazi. Haikuwaka. Ilining'inia tu pale chini kando ya mlango, shaba baridi, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akauvuta uzi mpaka kitandani, na Fundi akaupokea, akaufunga kidoleni mafundo mawili, akatulia nao hivyo, mapema yote ile, na jua ni mpaka kesho.