Namba na Shaka Yake

Mwalimu wangu tulimwita Mzee Shaka, na mwenyewe alijua. Ukimpelekea namba yoyote, hata ya joto la chumba, alikuuliza: "Na shaka yake?" Kama hukuandika kando yake inaweza kukosea kwa kiasi gani, alikurudishia karatasi bila kuisoma. Nimewahi kulia chooni kwa sababu yake, na sioni haya kusema.

Kazi yetu ilikuwa moja kwa miaka kumi na mmoja. Chini ya ardhi kuna mtambo unaogonganisha chembe, na katika migongano hiyo huzaliwa kwaki nzito, vipande vidogo kabisa vya maada, pamoja na kinyume chake. Hazidumu, zinavunjika kabla hujapepesa jicho. Sisi tulihesabu zilivyovunjika, za upande huu na za upande ule. Maada ikikutana na kinyume chake, vyote viwili hufutika. Kama vingeanza sawa na kutendewa sawa katika kila kitu, kusingebaki nyota wala mimi wa kulalamika. Basi tulikuwa tunatafuta pale ambapo havikutendewa sawa.

Mzee ndiye aliyeweka sheria kwamba jibu lifichwe. Kompyuta iliongeza namba ya siri juu ya jibu, ili mtu asije akaivuta hesabu kuelekea anakotaka. Namba hiyo ingeondolewa mbele ya kundi zima, ukaguzi wote ukiisha. Nywila alinikabidhi mimi.

Ulikuwa umebaki ukaguzi wa sumaku ya mtambo tu, kazi ya siku tisa, mkewe aliponipigia simu.

"Mwanangu, njoo hospitali. Anakuulizia, na daktari hanipi matumaini."

Nilimkuta amekonda, miwani inamteleza puani. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa kando ya kitanda, amemshika mkono.

"Umekuja na kompyuta?" Mzee akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nifungulie."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ukaguzi wa sumaku bado."

"Najua bado. Si niliupanga mimi? Nifungulie nilione jibu, nife nalo. Nitamwambia nani?"

Niliiweka kompyuta magotini, nikaiwasha. Nywila ina herufi kumi na mbili, niliandika saba. Yeye asingemwambia mtu, kweli. Lakini mimi ningelijua. Kwa siku tisa ningekagua sumaku huku nalijua jibu, na kila kasoro ningeikuza au kuifumbia macho kwa ajili ya jibu hilo. Nikazifuta zile herufi saba, nikafunga kompyuta.

"Nisamehe, Mwalimu. Siwezi."

"Mkaidi wee," akasema, akageukia ukutani. Nilikaa karibu saa nzima nikisubiri anigeukie. Hakugeuka.

Alifariki siku ya sita. Siku ya tisa ukaguzi ukaisha, sumaku haina kosa lolote. Siku ya kumi tukafungua. Tofauti ipo: ndogo sana, lakini shaka yake ni ndogo zaidi. Wenzangu walipiga makofi na kukumbatiana. Mimi niliikodolea macho ile namba. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa magotini pangu pale hospitalini, haijabadilika hata tarakimu moja. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kesho yake nikaenda kwa Mama. Viatu vya Mzee vilikuwa bado mlangoni.

"Mama, alisema chochote juu yangu?"

Mama hajui kupamba maneno. "Alikununia mpaka mwisho."

Nikainamisha kichwa. Nilitamani anidanganye, hata kidogo tu. Yeye akainuka, akaniletea kalamu na karatasi.

"Niandikie hilo jibu lenu. Jioni nakwenda kaburini, nitamsomea."

Nikaandika ile namba. Mama aliishika karatasi mbali na macho yake, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Na shaka yake?"